Upande wa Pili wa Pipa

Udongo wa kwetu unashika. Mgeni akishuka Kakamega siku ya mvua, hatua kumi tu na viatu vyake vimekuwa vizito kama vya askari. Ni udongo mwekundu, laini, na ukiutia mkononi hautaki kutoka. Kwa mahindi ni udongo mzuri. Kwa mjengo ni adui. Mimi nimepigana nao miaka yangu yote ya nguvu, na nyumba zilizosimama kuanzia Lurambi hadi Amalemba zikiwa na mawe yangu ndani ndizo cheti changu, maana cha shule sina. Shule niliacha darasa la tatu. Sisemi hivyo ili nionewe huruma. Nasema ili mjue kwamba ninachojua nilikijua kwa mkono.

Kazi yenyewe ni hii. Kokoto na mchanga wa mto vinatoka ardhini vikiwa vimevaa udongo. Ukichanganya na saruji hivyo hivyo, saruji inashika udongo, haishiki jiwe. Ni kama kumsalimia mtu aliyepaka samli mkononi: mmepeana mikono, lakini hakuna aliyemshika mwenzake. Ukuta utasimama, utapakwa rangi, watu watapiga picha mbele yake. Mvua mbili tatu zikipita, unaanza kuachana wenyewe kwa wenyewe. Kwa hiyo lazima vioshwe. Basi. Wenzangu walisomea sheria na udaktari, mimi nilisomea kuosha mawe.

Zamani kazi hiyo ilikuwa ya akina mama. Kwenye mto Isiukhu, mahali maji yanapopunguza kasi baada ya mawe makubwa, kulikuwa na akina mama saba au wanane, kila mmoja na karai lake, wamefunga leso kiunoni, maji yanawafika magotini. Wanaosha mchanga wanauweka ukingoni, lundo kwa lundo. Mimi nilikuwa kijana wa mkokoteni. Napakia mchanga wao, nauvuta na ng'ombe wawili hadi barabarani, lori linachukua.

Mkubwa wao alikuwa mwanamke mrefu, mweusi tii, mwenye mdomo ambao ungeweza kuchonga mwiko. Alinianza tangu siku ya kwanza.

"Wewe kijana, hilo koleo umelishika kama kijiko cha chai."

"Mama, ng'ombe wamechoka, napakia pole pole."

"Ng'ombe wamechoka kukuangalia."

Wenzake walicheka hadi makarai yakatikisika. Lakini saa sita ikifika, yeye ndiye aliyeniita nile mahindi yaliyochemshwa, na yeye ndiye aliyeniambia nisilale kwa yule jamaa mlevi aliyekuwa amenikaribisha, na yeye ndiye aliyeniambia, siku niliyomwaga mzigo mzima mtoni na kutaka kulia, "Mchanga umerudi kwao. Usiulilie. Uende uulete tena." Mimi mama yangu alifariki nikiwa mdogo. Sikuwa nimezoea kukaripiwa na mtu anayenijali. Nilikuwa nafika mtoni mapema kuliko ng'ombe walivyotaka, ili nikaripiwe.

Mtu ataniuliza: miaka yote hiyo ulikaa pale, hukuwahi kuangalia wanavyoosha? Sikuangalia. Macho yangu yalikuwa kwingine. Yule mama alikuwa na binti.

Nilimwoa huyo binti, na siku ng'ombe wangu wa mahari walipoingia boma lao, mambo ya mtoni yakaisha. Kwa sababu kwetu, mkwe na mama mkwe hawapeani mkono. Hawakai nyumba moja, hawali pamoja, hawatazamani usoni. Mkikutana njiani mmoja anaingia kwenye shamba la watu hadi mwenzake apite. Si chuki. Ni heshima, na heshima ya kwetu ni kitu kizito. Lakini hakuna aliyenionya jinsi itakavyouma. Jana mwanamke ananiita mvivu na kunipa mahindi, leo akiniona mbali anajifunika leso na kugeukia migomba. Nilipata mke mwema, nikapoteza rafiki yangu wa mtoni. Ndivyo ilivyokuwa, na miaka kumi na zaidi ikapita hivyo.

Sasa mashine.

Huko Shianda kulikuwa na kiwanda kidogo cha sukari nguru kilichofungwa, na mwenyewe alikuwa anauza vyuma. Niliona tangi lake la maji ya miwa, limelala kwenye nyasi, refu kama nyumba ya kuku na pana kiasi cha mtu kusimama ndani. Wengine waliona chuma kuukuu. Mimi niliona tumbo. Nikauza miwa ya ekari moja kabla haijakomaa vizuri, nikalibeba hadi kando ya mto kwenye kipande changu cha shamba.

Nililikata mdomo huku na huku. Ndani nikachomelea vipande vya springi za lori, vimesimama kama meno, ili pipa likizunguka liinue mawe na kuyaangusha, yasuguane. Nikalilaza juu ya magurudumu manne ya trela ya miwa, upande mmoja juu kidogo, upande mwingine chini. Injini niliitoa kwenye kinu cha posho. Mawe na mchanga vinaingia kwa juu pamoja na maji ya pampu, vinazungushwa, vinapondana, udongo unaachia. Kule chini niliweka wavu wa chuma: kokoto zinapita juu ya wavu zimekuwa safi kama mayai, na mchanga unaanguka chini kwenye mfereji wa bati. Ndani ya mfereji kuna parafujo refu, kama lile la kinu cha kusagia nyama, linavuta mchanga kwenda juu na kuuacha mkavu, na maji machafu yanarudi mtoni.

Hakuna mhandisi aliyenichorea. Nilichora mwenyewe na mkaa kwenye ukuta wa jikoni, mke wangu akanigombeza.

Watu wa kijiji walifika kuniangalia kama wanaoangalia ng'ombe aliyezaa mapacha.

"Huyu anafua mawe!"

"Ataanika wapi?"

"Muulize kwanza kama atapiga pasi."

Niliwaacha wacheke. Injini ilipowaka na kokoto za kwanza zikatoka zinang'aa, walianza kuziokota. Ile sauti hadi leo iko masikioni: mawe yanapondana ndani ya chuma, ngurumo nzito inayosikika hadi ng'ambo, na injini inahema kama mzee anayepanda mlima. Lori ambalo akina mama wangejaza kwa siku tatu, mimi nilijaza kabla ya chai ya saa nne.

Na hapa niseme ukweli ambao sikuusema wakati huo. Akina mama wa mtoni walikosa kazi. Lori likawa linapita kwao bila kusimama, linakuja kwangu. Mama mkwe wangu alikuwa mmoja wao. Nilijua. Nikajifanya sijui.

Kisha nikapata kazi iliyonivimbisha kichwa: kokoto na mchanga wote wa bweni jipya la wasichana, shule moja upande wa Lurambi. Fundi mkuu alikuwa mtu mfupi, mkali, aliyevaa kofia ya sufu hata kwenye jua. Kokoto zangu alizipokea bila neno. Mchanga akaupima kwa chupa. Alijaza mchanga nusu chupa, akatia maji na chumvi kidogo, akatikisa, akaiweka chini tungoje. Mchanga ukiwa mchafu, udongo unakaa juu yake kama utando wa chai ya maziwa. Wangu haukuwa na utando. Hata uzi. Maji yalisimama juu ya mchanga safi kama machozi.

"Bwana mashine," akasema, "mchanga kama huu sijawahi kuona."

Nikatembea kurudi nyumbani nikiwa nimenyoosha shingo. Nilikuwa nauosha mara nne, mara tano, hadi maji ya mfereji yatoke meupe. Nilichukia ule udongo. Nilitaka kuumaliza duniani.

Wiki ya pili aliniita. Nilipofika alinipeleka kwenye ukuta waliokuwa wameupiga plasta asubuhi. Plasta ilikuwa chini. Imeteleza, imelala kando ya ukuta kama mtu aliyelewa. Akachukua mwiko, akachota, akatupa ukutani mbele ya macho yangu. Ikashika, ikafikiri kidogo, ikaanguka.

"Ni saruji mbovu," nikasema.

"Saruji ni ile ile. Na kule kwenye sakafu, zege linatoa maji juu, chini mawe yamebaki peke yake. Umeniletea mchanga au umeniletea vipande vya chupa?"

"Si uliupima mwenyewe? Ni safi."

"Ni safi. Na haufai. Usiniulize kwa nini, mimi najenga, siogeshi mchanga. Mchanga wa wale akina mama wa mtoni haukuwahi kunifanyia hivi." Akavua kofia, akaipiga gotini kutoa vumbi. "Jumatatu uniletee lori moja linalofaa. Likikataa kushika ukuta, kazi naipeleka kwingine, na hiyo mashine yako uipeleke ukafugie kuku."

Ilikuwa Alhamisi. Na mtu aelewe nilichokuwa nacho siku hiyo. Miwa nilikuwa nimeuza. Ng'ombe wa mkokoteni nilikuwa nimeuza. Kama kazi ile ingetoka, ingetoka na sababu yake, na sababu ingefika Shianda kabla yangu: mashine ya fulani inaharibu mchanga. Hakuna ambaye angeninunulia hata wilbaro moja ya mchanga. Ningerudi kuwa kijana wa mkokoteni, na sasa bila mkokoteni.

Nilikaa kando ya pipa nikijua kabisa mtu mwenye jibu ni nani na anakaa wapi. Moshi wa jikoni kwake niliuona kutoka pale nilipokaa. Nisingeweza kwenda.

Nikamtuma mke wangu. Akaenda, akarudi.

"Mama anasema ni maji matatu."

"Matatu tu?"

"Matatu. Na ya nne ni ya kiburi. Hivyo ndivyo alivyosema, usinitolee macho mimi."

Ijumaa nikapitisha mchanga kwenye mashine mara tatu, nikahesabu kwa vidole. Nikachanganya na saruji kidogo, nikatupa kwenye ukuta wa jikoni kwetu, palipo na michoro yangu ya mkaa. Ikaanguka. Nikajaribu mara mbili. Nikajaribu mara moja. Mara moja udongo ulibaki. Mara mbili plasta ikaanguka. Nikamtuma mke wangu tena, usiku ukiwa unaingia, na safari hii alikwenda akiwa amekasirika maana alikuwa anapiga njia ile siku ya pili mfululizo kama posta.

Aliporudi alikaa chini kwanza.

"Mama amesema maneno hayabebi mkono. Kesho atakuja mwenyewe kuangalia hicho kitu."

"Atakujaje? Mimi nitakuwa wapi?"

"Nimemuuliza. Amesema pipa lako si kubwa? Basi wewe ukae upande wa juu, yeye atakaa upande wa chini. Na hatakuwa anaongea na wewe. Ataongea na pipa."

Jumamosi asubuhi niliamka nikavaa shati la kanisani. Sijui kwa nini, kwa kuwa hakuna ambaye angeniona. Nikasimama upande wa juu, penye injini. Ukungu ulikuwa bado haujatoka mtoni. Nikasikia miguu, na haikuwa ya mtu mmoja. Chini ya pipa, katikati ya magurudumu, niliona nyayo zake: ndefu, zimepasuka visigino, udongo mwekundu katikati ya vidole. Nyuma yake nikaona nyayo nyingine, na nyingine. Alikuja na karai lake na wenzake wote.

"Ewe pipa," akasema kwa sauti ile ile ya zamani. "Ewe pipa, hujambo?"

Mke wangu, ambaye alisimama pale ubavuni mwa pipa anapotuona sote wawili, akanikonyeza.

"Pipa halijambo," nikasema.

"Nimesikia halijambo. Mbona linakohoa? Liwashe tulione."

Nikawasha. Likazunguka, mawe yakanguruma, maji yakamwagika kwenye mfereji. Nikaona zile nyayo zikitembea kufuata mfereji hadi maji machafu yanapotokea. Zikasimama pale. Nikajua ameinama.

"Zima."

Nikazima.

"Ewe pipa, una haraka kama bwana harusi. Nani anakukimbiza?" Wenzake wakacheka kicheko ambacho sikuwa nimekisikia miaka mingi. "Mimi nikitia maji ya kwanza, nakoroga, namwaga pale pale, maana hayo ni udongo mtupu. Ya pili nakoroga, nangoja. Navuta pumzi tatu. Mchanga mdogo, ule unga wake, unazama. Udongo hauzami upesi, unabaki unaelea kama mwenye madeni. Hapo ndipo namwaga, pole pole, na mkono wangu uko mdomoni mwa karai. Ya tatu nangoja zaidi. Wewe hungoji! Unamwaga udongo na unga wa mchanga pamoja, vyote vinakwenda mtoni. Njoo uone hapa chini."

"Mama, hawezi kuja," mke wangu akasema.

"Nani amemwita? Naongea na pipa."

Akaosha karai moja, mke wangu akaniletea mchanga wake kwenye kiganja. Nikaufikicha karibu na sikio. Wangu ulikuwa unalia kama kioo. Wake ulinong'ona. Katikati ya chembe kubwa kulikuwa na ndogo, na katikati ya ndogo kulikuwa na ndogo zaidi, zimejaza kila nafasi.

"Ewe pipa," akaendelea kule, "mchanga mkubwa ni ugali, unga wake ni mboga. Wewe umepika obusuma mkubwa, mboga ukamwaga mtoni. Sasa mgeni atamezaje?"

Ndiyo hiyo. Nimekutana na wahandisi baada ya hapo, wamenieleza jambo lile lile kwa nusu saa na karatasi zenye mistari. Yule mama alilisema kwa pumzi moja, tena akiongea na chuma.

Nikasema, nikiwa nimetazama injini, "Pipa linauliza lifanye nini."

"Lichimbiwe kisima. Maji yake yasikimbie mtoni, yaingie shimoni yapumzike. Unga utalala mwanzo wa shimo, udongo utapita juu uende mwisho. Kisha kuwe na watu wa kuchota ule unga na kuurudisha kwenye lundo kwa kipimo. Watu wenye mikono inayojua." Ngumi yake ikagonga chuma mara mbili, polepole. "Ewe pipa, mimi sikuja hapa peke yangu. Umewaona hawa? Wana watoto. Ulipokuja ulikula kazi yao na hukusema hata asante. Shimo litakuwa letu au tubebe makarai yetu twende nyumbani?"

Injini ilikuwa inapoa, inatoa ule mlio wa chuma kinachojikunja. Ningeweza kusema nitafikiria. Mimi ni mtu wa kiburi, na sikufika nilipofika kwa kuamriwa. Lakini nilikuwa natazama zile nyayo, na nilikumbuka ni nani aliyenilisha mahindi nikiwa sina mama.

"Shimo ni lenu," nikasema. "Na pipa linaomba msamaha."

"Pipa limesamehewa. Mwenye pipa tutamwangalia."

Tulichimba siku hiyo yote. Mimi nachimba upande wangu, wao upande wao, na mke wangu anakimbia katikati akipeleka maneno ambayo kila mtu alikuwa amekwisha kuyasikia. Nilipunguza maji ya pampu. Mkanda wa injini niliuhamishia gurudumu kubwa ili pipa lizunguke taratibu. Nilichinja ingokho, kuku wa wageni, na firigisi yake, ambayo kwetu ni ya mwenye nyumba na haiguswi na mtu mwingine, nikaiweka kwenye sahani peke yake nikamtuma mke wangu aizungushe upande wa pili.

Kisha nikasikia anatafuna.

"Ewe pipa," akasema, "kuku naye ana mashine yake ya kuosha kokoto. Na yake imeosha kuliko yako."

Sijawahi kucheka vile. Nilicheka nimeshika tumbo, nimeegemea chuma, na upande wa pili nikasikia naye anacheka, na chuma kilikuwa kinatetemeka katikati yetu bila injini.

Jumapili hatukugusa kitu, ni siku ya Bwana. Jumatatu lori likaenda, nami nimekaa juu ya mchanga. Fundi akapima kwa chupa. Safari hii utando ulikuwepo, mwembamba kama uzi wa kushonea. Akaniangalia. Akachanganya, akachota na mwiko, akatupa ukutani. Ikashika. Tukangoja. Akavuta sigara nzima. Akaenda akaisukuma kwa kidole gumba, kisha akaikwangua na ubao, ikatandazika kama siagi.

"Bwana mashine. Nani amekufundisha?"

Ilikuwa rahisi kusema nimegundua mwenyewe. Ulimi ulikuwa tayari. Nikasema, "Mama mkwe wangu."

Akatoa macho. Yeye pia ni mtu wa kwetu. "Mama mkwe? Mlizungumzia wapi?"

"Hatukuzungumza. Alizungumza na pipa."

Bweni lile lipo hadi leo. Nikipita Lurambi huwa nasimama nalitazama, na walinzi wa pale wameshazoea.

Tulifanya kazi hivyo miaka mingi, na hiyo ndiyo miaka ninayoikumbuka nikikaa peke yangu. Asubuhi nafika, nasikia "Ewe pipa, umelala?" Natia mafuta, nawasha. Mvua ikinyesha tunangoja, wao chini ya mabati upande ule, mimi chini ya mabati upande huu, na habari za kijiji chote zinapita juu ya pipa: nani ameoa, nani ameuza miwa mbichi, mchungaji gani anapenda nyama kuliko neno. Uso wake sikuuona. Nyayo zake ningezitambua katikati ya nyayo mia.

Kuna wakati nilitaka kuvunja ule mwiko. Njia ipo: unapeleka mbuzi na blanketi, wazee wanasema maneno, mnapeana mkono, mnaweza kuketi pamoja. Nikanunua blanketi zuri, zito, nikampa mke wangu apeleke ujumbe. Jibu lilikuja asubuhi yake, kupitia chuma kama kawaida.

"Ewe pipa, kuna mtu anataka kunipa mkono. Mwambie blanketi nimelichukua, baridi ni kali. Mbuzi abaki naye. Nikishapeana naye mkono itabidi nimheshimu kwa mdomo kama wazee wengine, na mimi nina mengi bado ya kumwambia."

Blanketi hilo ndilo alilofunikwa. Kaburi lake lilijengwa kwa saruji, na mchanga wa kulijengea sikuutia kwenye mashine. Niliingia mtoni na karai, mzee mzima na suruali imekunjwa, watu wakinitazama kutoka ukingoni. Maji ya kwanza nikamwaga. Ya pili nikavuta pumzi tatu. Ya tatu nikangoja zaidi. Mikono ilitaka kuendelea na ya nne. Nikaizuia.

Sasa kazi inaendeshwa na binti yangu. Ameleta mashine mpya yenye vifungo, inafanya kazi ya mapipa matano, na ina kisima chake cha chuma cha kushika ule unga. Waliotengeneza wamefikia pale pale alipofikia bibi yake na karai. Lakini pipa bado lipo, tunaliwasha mzigo ukizidi, na binti huyo amechukua upande wa chini bila mtu kumwambia. Juzi niliwasha pampu kwa nguvu mno, kwa kuwa nilikuwa na haraka ya kwenda kunywa chai. Hakuja kwangu. Mimi ni baba yake, anaweza kunijia hadi usoni, hakuna mila inayomzuia. Alibaki kule kule alikokuwa, akagonga chuma mara mbili.

"Ewe pipa! Una haraka kama bwana harusi?"

Nikapunguza maji.